Nilianza na kadi, nikasahau umeme

Kazi yangu ya jioni, baada ya ile inayonilipa, ni kutengeneza video fupi za 3D kwa Blender, programu ya bure ya kazi hiyo. Kwa miaka kadhaa nimeifanya kwenye kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Core i5-6500 na kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti, yenye kumbukumbu ya GB 4. Kwa michoro midogo ilitosha. Taabu ilianza nilipotaka miti, nyasi na maji. Kadi inajaa, Blender inagoma na kuniandikia kwamba kumbukumbu imeisha, basi narudi kurenda (kuifanya kompyuta ikokotoe picha za mwisho) kwa prosesa na kuiacha mashine ikiunguruma usiku kucha. Asubuhi nakuta fremu kumi na mbili, yaani picha kumi na mbili tu za video.

Nikaamua kubadili kadi. Kichwani mwangu ilikuwa kazi ya kubadili balbu: unatoa iliyochoka, unachomeka mpya, unawasha. Pawa saplai haikuwemo kwenye hesabu kabisa. Kwangu ilikuwa lile boksi la chuma nyuma ya kasha linaloingia waya wa ukutani, ambalo sikuwahi kuligusa kwa kuwa halikuwahi kunisumbua.

Kadi yenyewe niliichagua vizuri, hilo sijutii. Nilinunua RTX 3060 ya GB 12, iliyotumika. Wapo walioniambia 3060 Ti ina kasi zaidi, na ni kweli, lakini ina GB 8 tu. Mcheza gemu ana haki ya kuitaka. Kwa mtu wa Blender, kadi ya kasi isiyoweza kubeba mchoro wako haina kasi yoyote. Kwa kuwa ilikuwa ya mkononi, nilimwomba muuzaji aiwashe mbele yangu. Nikafungua GPU-Z, programu ya bure inayoonyesha kadi ni aina gani hasa, maana kuna kadi kuukuu zinazobadilishwa programu ya ndani ili zijitangaze kwa jina la kadi mpya zaidi, na GPU-Z huzikamata nyingi. Nikasikiliza feni, nikaangalia soketi za nyuma. Nilijiona mjanja sana siku ile.

Na pale pale, juu ya kadi, niliona waya mnene mweusi umechomekwa kutoka kwenye pawa saplai ya muuzaji. Nilikitazama kichwa chake cha pini 8 bila kujiuliza kama kwangu nina waya wa namna hiyo.

Nyumbani, nilivunja kitu kabla ya kuchomeka chochote. Mwishoni mwa sloti ya kadi pana kibanio kidogo cha plastiki kinachoishika kadi isichomoke. Kwenye mashine yangu kilikuwa kimefunikwa na kadi yenyewe, sikukiona. Nilitoa skrubu ya nyuma, nikavuta. Kadi ikagoma. Nikavuta tena kwa hasira kidogo, nikasikia "tak". Kibanio kikarukia chini ya meza, na hadi leo kadi yangu inashikwa na skrubu za nyuma peke yake. Ingia na kijiti chochote kisicho cha chuma, kibonyeze kibanio kwanza, ndipo uvute.

Kisha kadi mpya haikuingia. Ina urefu wa karibu sentimita 24, na kutoka bati la nyuma hadi kwenye kizimba cha diski kasha langu lilikuwa na sentimita 23. Sentimita moja! Bahati kizimba kilishikwa na skrubu nne, si ribiti, nikakitoa na kuilaza diski chini ya kasha. Mwenzangu, chukua rula kabla hujachukua pochi. Pima urefu, halafu pima upana pia, kwa sababu kadi nyingi za siku hizi zinaziba nafasi mbili za nyuma, na waya wa umeme unaotokea ubavuni unahitaji nafasi ya kupinda bila kukandamizwa na mfuniko.

Ndipo nikafika kwenye tundu la pini 8. Nilipekua nyaya zote za pawa saplai yangu, hakuna kichwa kilichoingia. Ile 1050 Ti ya zamani haikuwahi kuhitaji waya wowote. Sloti ya PCI Express yenyewe inaruhusiwa kutoa hadi wati 75, na kadi ile iliishi ndani ya kiwango hicho. RTX 3060 imepimwa kwa wati 170. Sloti haitoshi, lazima nyingine zije moja kwa moja kutoka pawa saplai: kichwa cha pini 6 kinahesabiwa wati 75, cha pini 8 wati 150.

Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo. Mimi nilitafuta adapta. Ipo, na ni rahisi mno, na urahisi wake ulipaswa kunishtua: upande mmoja vichwa viwili vya SATA, vile vya kulishia diski, upande wa pili kichwa cha pini 8. Nikachomeka. Kompyuta ikawaka, picha ikaja, Windows ikaitambua kadi. Nikampigia simu mdogo wangu kumringia.

Nilipobonyeza kurenda, ilikwenda kama dakika kumi, halafu mashine ikazimika fyu. Hakuna skrini ya bluu, hakuna onyo. Nikawasha, nikarudia, ikazimika tena.

Kosa langu kubwa zaidi kwa upande wa muda lilianzia hapo, kwa sababu nililaumu programu. Nilifungua kumbukumbu za matukio za Windows, nikakuta limeandikwa Kernel-Power 41, nikadhani nimepata ugonjwa. Namba hiyo haitaji ugonjwa. Inasema tu kwamba mara ya mwisho mashine ilizimika bila kuagana, na hilo nilishalijua. Jioni mbili nzima nilifuta draiva (programu inayoiendesha kadi), nikaweka draiva, nikaweka Windows upya, nikamshuku muuzaji, nikamwandikia maneno ambayo baadaye ilinibidi nimwombe radhi. Kama kompyuta yako inazimika ghafla pale tu kadi inapofanya kazi nzito, na ikiwa imepumzika iko shwari, anza na umeme kabla hujamtukana mtu.

Jioni ya tatu nilisikia harufu. Plastiki inayoanza kuungua haina harufu kali mwanzoni, ina utamu fulani mbaya. Nilizima ukutani, nikafungua kasha, nikagusa adapta. Kichwa kimoja cha SATA kilikuwa cha moto na plastiki yake imelainika pembeni, pini moja imekuwa nyeusi.

Nikampigia fundi ninayemfahamu. Swali lake la kwanza lilinichanganya.

"Dada, pawa saplai yako ina ngapi kwenye volti 12?"

"Ni ya wati 500."

"Sikuuliza hiyo. Geuza boksi, kuna lebo yenye jedwali. Nisomee mstari wa volti 12."

Nikasoma: ampea 18. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nizidishe. Kumi na nane mara kumi na mbili ni 216. Pawa saplai yangu ya "wati 500" iliweza kutoa wati 216 tu kwenye njia ambayo kadi na prosesa zote mbili zinakula. Zilizobaki zilikuwa za volti 5 na volti 3.3, njia ambazo kompyuta za zamani zilizitegemea sana na za sasa zinazitumia kidogo, au zilikuwa wino mtupu wa mchapishaji. Kadi 170, prosesa 65, hapo tayari ni 235, hujaweka diski wala feni. Nilikuwa nimemtwisha punda mzigo wa lori.

Na ile adapta? Kichwa kimoja cha SATA kina pini tatu za volti 12, kila moja ikihesabiwa ampea 1.5. Jumla wati 54. Viwili ni 108, vikitakiwa kusimama mahali pa kichwa kinachoweza kuvutwa wati 150. Siku nyingine nitawauliza wanaozitengeneza wanalalaje usiku.

Jambo ambalo watu wachache huambiwa ni kwamba kadi haili umeme kwa utulivu. Ule wastani wa wati 170 unaficha miruko ya muda mfupi sana, sehemu ndogo ya sekunde, inayopanda juu zaidi. Pawa saplai dhaifu inauona mruko huo kama hitilafu na kujizima ili kujilinda. Ndiyo maana NVIDIA wanapendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa mashine yenye kadi hii, ingawa ukijumlisha kwa kalamu hufiki hata 350. Akiba hiyo ina kazi.

Nikatafuta ya wati 650. Alama ya 80 Plus niliielewa vibaya mwanzoni, nikidhani ni cheti cha uimara. Hiyo inapima ufanisi: ya daraja la Bronze, ikibeba nusu ya mzigo wake, karibu asilimia 85 ya umeme unaotoka ukutani unaifikia kompyuta na uliobaki unageuka joto. Ni dalili nzuri, basi. Mimi sasa hutazama kwanza ampea za volti 12, kisha miaka ya dhamana. Anayekupa dhamana ya miaka saba anajua alichoweka ndani.

Ila fedha zilikuwa zimekwenda kwenye kadi, kwa hiyo hata pawa saplai nilichukua iliyotumika. Ilikuwa nzuri, ya jina zuri, ya aina ambayo nyaya zake zinachomoka kutoka kwenye boksi ili uweke zile unazohitaji tu. Kasoro yake ni kwamba waya wa SATA haukuwemo. Muuzaji alisema umepotea. Nami nyumbani nilikuwa na boksi la nyaya kuukuu, likiwemo fungu lililobaki kwenye pawa saplai ya mtu mwingine, ya kampuni nyingine. Nikajaribu mmoja. Uliingia vizuri kabisa, hata ukalia "klik".

Huo mlio wa "klik" umenigharimu kuliko kitu kingine chochote katika habari hii.

Nilipowasha, feni zilitikisika mara moja na kusimama. Nikabonyeza tena, zikatikisika, zikasimama. Nikachomoa waya wa diski na mashine ikawaka bila shida. Nilihisi tumbo likishuka, kwa sababu kwenye diski ile zilikuwa kazi za miaka miwili, na nakala nyingine nilikuwa nayo ya nusu yake tu. Nilikaa sakafuni kwa muda, taa imezimwa, nikishika diski mkononi kama vile itanieleza kitu.

Fundi alipokuja hakuitazama diski. Aliushika waya.

"Huu umeutoa wapi, dada?"

Nikamwonyesha boksi. Akatikisa kichwa, akanieleza kwa upole ambao sikuustahili. Upande wa waya unaoingia kwenye diski una kanuni moja duniani kote. Upande unaoingia kwenye pawa saplai hauna. Kila kampuni inapanga pini zake inavyotaka, na hata kampuni moja inaweza kubadili mpangilio kati ya toleo na toleo. Umbo la kichwa linaweza kufanana, nyaya za ndani zimepishana, na pale diski inapongoja volti 5 inapigwa na 12.

Diski kubwa ilikuwa na bahati. Kwenye ubao wake mdogo kuna kidude cha ulinzi kinachojitoa mhanga volti zikizidi: kinajifunga na kugeuka njia ya mkato, ndiyo maana pawa saplai ilikuwa inakataa kuwaka. Fundi alikipima, akakitoa, akaiwasha diski kwa waya sahihi, nasi tukanakili kila kitu usiku huo huo. Sikuitumia tena, maana haina ngao. SSD (diski ndogo ya kasi) iliyokuwa kwenye waya huo huo, yenye Windows, ilikufa moja kwa moja. Usichanganye nyaya za pawa saplai mbili. Kama waya umepotea, nunua ule ulioandikiwa toleo lako, au acha.

Baada ya hapo fundi aliniambia nifunge kila kitu mwenyewe, yeye ataangalia tu. Tulizima ukutani, tukachomoa waya, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa kumaliza umeme uliobaki. Nikagusa chuma cha kasha kabla ya kushika ubao mama, ule mkubwa unaounganisha kila kitu, kwa ajili ya umeme tuli. Pawa saplai ya zamani nilitamani kuifungua nione ndani pakoje. Akaniwahi mkono. Mle mna kapasita zinazoweza kubaki na chaji ya kuua hata baada ya kuchomolewa. Akanionyesha pia swichi nyekundu iliyokuwa nyuma ya lile boksi kuukuu, ya kuchagua volti 115 au 230. Pawa saplai nyingi za kisasa hazina swichi hiyo, zinajirekebisha zenyewe. Ukiikuta iko 115 na ukuta wako ni 230, utasikia mlipuko.

Nikachomeka kichwa kikubwa cha pini 24 kwenye ubao mama, kikihitaji nguvu kuliko nilivyotegemea. Nikachomeka kichwa cha pini 6+2, ambacho kikiungana ni pini 8, kwenye kadi. Nikawasha. Feni zote zinazunguka, taa za kadi zinawaka, skrini giza. Nilimgeukia fundi, naye akatazama dari. Nilizunguka kama robo saa kabla ya kuona tundu tupu pembeni juu ya ubao, karibu na prosesa. Prosesa ina waya wake, wa 4+4, na nilikuwa nimeusahau. Tahadhari: kichwa hiki nacho ukikiunganisha kinakuwa na pini 8, lakini si ndugu wa kile cha kadi. Hasi na chanya ziko kinyume. Umbo la pini limetofautishwa ili zisiingiliane, na mwenye mabavu anaweza kuzilazimisha. Kinachokataa kuingia kiache kikatae.

Skrini bado giza. Kosa hili la mwisho lilinichekesha hata mimi. Monita yangu inatumia waya wa DVI, kadi mpya haina DVI, ina DisplayPort tatu na HDMI moja. Bila kufikiri nilikuwa nimeuchomeka kwenye tundu la DVI la ubao mama, na kompyuta nyingi zikiiona kadi zinazima njia hiyo ya picha. Niliazima waya wa HDMI wa televisheni, na picha ikaja.

Draiva haikunisumbua. Wengi husisitiza kufuta kila kitu kwa DDU, programu ya kusafisha draiva za zamani, kabla ya kubadili kadi. Ukihama kutoka AMD kwenda NVIDIA, au kinyume chake, naona ina maana. Mimi nilitoka NVIDIA kwenda NVIDIA, nikaweka draiva mpya juu ya nyingine, sikuona tatizo.

Mchoro uliokuwa unachukua dakika 40 kwa fremu sasa unachukua kama 7, na ile michoro ya miti na maji inaingia yote kwenye kadi. Kwenye gemu faida ni ndogo kuliko nilivyoahidiwa: prosesa yangu yenye viini vinne inafika asilimia 100 wakati kadi inapiga miayo kwenye 60. Nilijua, nikajifanya sijui. Joto nalo lilifika nyuzi 82 kwenye kazi ndefu, hadi nilipoongeza feni ya mbele na kushusha kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 80 kwa programu ya Afterburner. Muda wa kurenda uliongezeka kidogo tu, kelele zikapungua sana.

Kuhusu gharama: ukijumlisha adapta iliyoungua, pawa saplai, SSD mpya, diski mpya na malipo ya fundi (ambayo alitaka kuyakataa, nikamlazimisha), kadi yenyewe ilikuwa zaidi kidogo ya nusu ya fedha zote. Pawa saplai mpya kabisa, yenye nyaya zake zote, ingenigharimu pungufu ya nilichomwaga kuikwepa.

Wiki iliyopita mdogo wangu aliniomba ile 1050 Ti aiweke kwenye kompyuta aliyonunua, ya ofisi iliyotumika. Hizo zina mambo yake, nyingine pawa saplai ina umbo lake lenyewe na kichwa kisicho cha pini 24, na huwezi kuibadili kwa ya kawaida. Nikamwambia nitampa, ila kwanza anipigie picha ya lebo ya pawa saplai. Akanitumia picha ya feni.

"Dada, ndiyo hiyo."

Nikamjibu ageuze upande wa pili.